Niliuzisha Ngombe ya Dada Yangu Juu ya Duka ya Michezo

Mimi ndiye mukosaji. Si Papa, si shemeji, si vita ya huku kwetu. Mimi! Muniache niseme yote, juu nikibakia nayo ndani ya roho itanipasua.

Tangu utoto napenda michezo ya mezani: ludo, dame, ni ile drafti, karata. Si ya simu, hapana; ile ya kukaa watu wanne munachekana. Nikaota duka yangu pale mutaa wa Muhumba, ya kuuzisha michezo, na meza za kuchezea. Kibao chake nilikuwa nimekwisha kuchora! Mtaji ndio sikukuwa nao.

Sasa, yaya wangu, ni dada yangu mukubwa, alipoolewa bwana yake alitoa ngombe ya mahari. Papa akaiweka kijijini Mudaka, kwa tonton wetu, ndugu yake. Kwetu sisi kabila ya Bashi, ngombe ya dada ndiyo kaka anakuja kuolea. Nikajiambia: si ni yangu? Niitumie tu mapema!

Nikaenda Mudaka.

"Tonton, Papa amenituma. Tunauzisha ngombe."

"Mbona hakunipigia simu?"

"Simu yake imeharibika, tonton."

Muzee wa watu akaniamini. Alinifungia hata maharagi nimupelekee Papa. Ee Mungu wangu!

Nikauzisha ngombe, nikafungua duka. Ikajaa watu! Lakini walikuja kucheza, hawakuja kununua. Nilikuwa nafungua boksi mpya niwaonyeshe mchezo, na boksi ikisha kufunguliwa, nani ataitaka? Watoto nao ningewafukuza namna gani? Walicheza bure, nilicheka nao, mujinga mimi! Kodi ikanishinda, mpaka mwenye nyumba akaweka kufuli yake. Nilibakia na maboksi chini ya kitanda.

Kiisha, Jumapili moja tukitoka misa, tukamukuta yaya kwenye mulango, mutoto mugongoni, jicho limevimba, mudomo umepasuka. Bwana yake alikuwa amemupiga. Papa akasema:

"Imetosha. Turudishe ngombe yao, binti yangu abakie hapa."

Nikasema kweli mbele ya wote. Maman akajishika kichwa. Papa hakunipiga. Afadhali angenipiga!

Ndugu za shemeji wakafika. "Leteni ngombe tumuache. Hakuna ngombe? Basi ni bibi yetu." Papa akawaomba wangoje. Wakakataa.

Yaya akanigeukia, pole pole:

"Kadogo yangu, ile michezo iko tamu kweli?"

Akafunga mutoto mugongoni, akawafuata.

Yaya iko kule kwa bwana yake mpaka leo. Mimi natembeza maboksi kwenye soko ya Kadutu, wananicheka: "Kijana, hii imekwisha kuchezwa!" Nabeba mizigo sokoni, lakini pesa ya kununua ngombe ingine ingali mbali, na kila simu ya maman ikilia, naogopa kusikia habari ya yaya.

Vijana wenzangu, muote! Mufungue maduka! Lakini ngombe ya dada yenu musiiguse, hata kama wanawaambia ni yenu. Ni ile tu inamurudisha kwenu siku anapigwa. Miye nilimufungia njia, na yeye hata hakunitukana.