Mchanga Katika Ndagala

Harufu ya ndagala wakavu ikinifikia sokoni, bado nainamisha kichwa.

Wahudumu wa kliniki ya macho walitoka Rumonge kuja kutupima ufukweni kwetu, wakapanga miwani juu ya pipa la mawese. Muuguzi akamvalisha bibi yangu.

"Mama, unaona sasa?"

Bibi aliangalia ziwa, akacheka. Kisha akageukia kikapu chake cha biashara chenye ndagala, samaki wadogo aliowaanika mwenyewe, akaona mchanga umejaa kati yao. Wateja wake walikuwa pale pale kwenye foleni. Kwa heshima, hakuna aliyewahi kumwambia.

"Yoo! Watu nawalisha muchanga?"

Alikifunika kikapu kwa kitenge chake, akanitazama.

"Na wewe, mutoto wangu? Macho yako si iko mazima?"

Kila siku nilikuwa nikiutema mchanga ule nyuma ya nyumba, kisha narudi kusifu mboga yake ya ndagala.