Alilala kwa Kuchoka

Mama yangu mzazi alishafariki, kwa hiyo arobaini ya uzazi wangu wa kwanza niliimalizia Kisarawe kwa mama mkwe. Kila asubuhi ananikanda mimi tumbo kwa maji ya moto, kisha inakuja zamu ya mtoto. Anakaa chini, ananyoosha miguu, anamlaza mwanangu mapajani, anampaka mafuta ya nazi na kuanza. Anavuta mikono. Anakunja miguu mpaka magoti yanagusa tumbo. Mwisho anamning'iniza kwa mkono mmoja, halafu kwa mwingine. Mtoto wa wiki tatu!

"Mume wangu huyu lazima anyooke," anamwambia jirani, wanacheka. "Nitaolewaje na mume kajipinda?"

Mtoto analia mpaka sauti inakatika, kisha analala masaa manne. Nyumba nzima inanitazama nishukuru.

Na nilishukuru. Mpaka leo najichukia kwa hilo. Nilikuwa hoi, mshono unauma, na masaa manne yale na mimi nilikuwa nalala. Siku moja tu nilimwomba apunguze nguvu.

"Kwani huko kidato cha nne ulisomea kulaza watoto?" akaniuliza.

Nikarudi kitandani.

Tuliporudi kwetu, mtaa wa Picha ya Ndege, mtoto akawa halali. Anasinzia kidogo, anashtuka, analia. Nesi wa kliniki akanifundisha kumpapasa: baada ya kumwogesha, pasha mafuta viganjani, anza na nyayo, panda taratibu huku unaongea naye. Akigeuza uso au akilia, acha. "Usimkande kama chapati," akasema. "Unamtuliza tu."

Nilienda nyumbani na furaha zangu. Nikafungua chupa ya mafuta ya nazi, nikamimina kiganjani. Kabla sijamgusa, mtoto akakunja ngumi na kupiga yowe. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu ndipo nikaelewa: ni ile harufu. Akisikia mafuta ya nazi anajua kinachofuata. Ana miezi miwili, na tayari anaogopa mikono, na mikono yenyewe ni yangu.

Nilimwaga chupa nzima chooni.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini Dar nikamweleza. Akavua viatu kwanza. "Mama amelea watoto saba," akasema, "na wote tunatembea."

"Kuna aliyewauliza mlikuwa mnaumia au hamuumii?"

"Usianze."

Nikaanza upya peke yangu, bila mafuta. Mchana, akishanyonya, naweka mkono juu ya tumbo lake, juu ya nguo, siusogezi. Basi. Siku nyingine hata huo hakuutaka. Siku nyingine ni mimi nilikuwa na hasira, nikautoa mwenyewe, maana mtoto hadanganyiki. Maharage yaliungua mara ngapi sijui. Baada ya siku nyingi akaniachia nyayo, baadaye miguu. Kisha mchana mmoja akapiga miayo nikiwa nimeshika unyayo wake, akalala. Hakulia kwanza. Nililia mimi.

Jumapili iliyofuata mama mkwe alipiga simu, mume wangu akaweka spika.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Mume wangu analala siku hizi?"

"Analala vizuri mama."

"Si nilisema! Mkando wangu huo. Nakuja wiki ijayo nimnyooshe tena."

Mume wangu akanikazia macho, akatikisa kichwa: nyamaza.

"Karibu mama, uje umbebe mjukuu wako," nikasema. "Ila kumkanda, humkandi tena. Ulikuwa unamuumiza. Alikuwa analala kwa kuchoka kulia."

Aliyekata simu ni mume wangu.

"Umemtukana mama yangu," akasema.

Ni siku ya tisa leo hanisemeshi. Namwekea chakula mezani, anakula, anainuka. Mama mkwe hajaja, na mimi sijapiga simu kuomba radhi. Sitapiga.