Vifuta-kioo vya umeme

Kwenye gari kuukuu linalotuleta Kalemie mjini, vifuta-kioo vilikuwa vya kamba: mvua ikinyesha, abiria wa mbele anavuta huku, dereva anavuta kule. Wiki hii dereva alifunga mota ya umeme iliyotoka Kigoma.

“Mama, pumzisha mukono,” akamwambia muuza dagaa aliyekaa mbele. Akabonyeza swichi, vikacheza, tukapiga makofi.

Makofi hayajaisha, betri ikaisha. Injini ikazimika, tukashuka kusukuma, mvua ikitupiga mgongoni. Dereva, mkavu kabisa, akatoa kichwa dirishani.

“Mama, unipanguzie kioo, sioni njia!”

Mama akafungua kitenge chake cha mabegani, akapangusa. Maendeleo yalikuwa yametufikia, sote tumelowa.

“Papa,” akamuuliza dereva taratibu, “ile kamba uliitupa wapi?”