Radhi ya Kwenda Grenada

Binti yangu alinikatia tiketi bila ya kuniuliza. Alikuwa amepandishwa cheo kazini, akasema mama, tangu uje London hujaenda holidei hata siku moja. Na kweli. Nimekwenda Bradford harusini na nimekwenda Makka kuhiji, basi. Akasema tunakwenda Grenada, kisiwa cha Karibiani, kina pwani nzuri na viungo, utajiona uko kwenu. Nikamwambia kwetu nakujua, sina haja ya kulipiwa ndege nikaangalie mfano wake. Akacheka, akanijibu kwa Kizungu kama kawaida yake. Tiketi ilikuwa imeshakatwa.

Siku mbili kabla ya safari nilikaa kitandani, kwenye flati yetu ya kaunsili Peckham, na daftari langu la namba za simu. Kwetu Zanzibar mtu hapandi ndege ya mbali kabla hajataka radhi. Unawapigia watu wako wote, mmoja mmoja, unasema nasafiri, kama nimekukosea nisamehe. Mwenzio anakujibu, nimekusamehe, na weye nisamehe. Na weye unamjibu, nimekusamehe. Ndiyo kwisha. Maneno hayo yanakwenda mawili mawili. Ukishapewa lile la kwanza, la pili ni lazima ulitoe, hata kama mwenzio ni mtu wa kukukera.

Miye nilitolewa skuli darasa la nne. Kusoma nasoma kwa kidole, lakini namba za simu hazinishindi. Nilikuwa nimeshapiga kama kumi na nne na mdomo ulikuwa umeshika njia, nasema hata sifikiri, huku mkono mwengine unakunja nguo. Nikapiga namba ya shoga yangu wa Thornton Heath. Simu ikanyanyuliwa. Nikajua ni yeye au mumewe, nikaanza hapo hapo:

"Asalaam alaykum, natumai hamjambo. Miye nasafiri keshokutwa, ndege ndefu. Kama kuna baya nimekutendea naomba radhi yako."

Nikasikia pumzi za mtu mzima. Halafu sauti ya mwanamume.

"Nimekusamehe, mwanangu. Dunia na akhera. Na miye nisamehe."

Niliijua kwa lile neno mwanangu. Nilipokuwa mdogo sauti ile ilikuwa ikiniambia "simama wima, mwanangu" na pini mdomoni, ikinipima gauni la Idi. Alikuwa baba yake shoga yangu. Fundi cherahani wetu. Nilijua kuwa ameletwa London kwa matibabu, na tangu aletwe, miaka miwili, nyumba ile sikuikanyaga. Binti yake nakutana naye sokoni na kwenye maulidi. Lakini ile siku sikukumbuka. Mdomo ulitangulia.

"Mwanangu?" akasema. "Na miye?"

Nikaweka simu. Sikuibamiza. Niliiweka taratibu kama mtu aliyemaliza mazungumzo yake, nikaendelea kukunja nguo.

Sasa nitasema nani na nani. Majina nayaacha. Si kwamba nawaogopa, ila watoto wao wapo na watoto hawakufanya kitu. Lakini kazi zao nazitaja, na watu wa mtaa wetu wa Ng'ambo watawajua.

Siku zile za mapinduzi, miye nina miaka kumi na moja, walikuja watu watatu kumtafuta baba, aliyekuwa na duka la mkaa. Mmoja alikuwa mkwezi aliyekuwa akituangulia nazi, ambaye kila akishuka mama alimpa chai na mkate. Wa pili alikuwa muuza mikate ya mofa wa pale kona. Wa tatu simjui mpaka leo. Nyumbani hawakumkuta, kwa sababu baba alikuwa amejificha kwa fundi, chumba cha nyuma, kwenye marobota ya nguo. Ukuta wetu na wa fundi ulikuwa mmoja. Fundi mwenyewe ndiye aliyesema njoo ukae kwangu.

Nilikuwa dirishani. Mkwezi akamwuliza fundi, yuko wapi mwenye duka la mkaa? Fundi alikuwa na futikamba yake ya kupimia shingoni. Hakupigwa. Bunduki ilikuwa imeelekea chini. Akanyoosha mkono wenye chaki, akaelekeza chumba chake mwenyewe.

Baba alitoka ana nyuzi nyeupe kwenye nywele. Hatukumwona tena, na kaburi hatujaonyeshwa. Aliyekuja kesho yake kuchukua mizani ya duka alikuwa ndugu yake baba, tumbo moja. Na huyo namtia humo humo.

Basi huyo fundi ndiye aliyenisamehe miye.

Ndani ya ndege binti yangu akaniuliza mbona huongei. Nikamwambia masikio yameziba. Baadaye nikamhadithia. Yeye anaijua habari ya babu yake, ila anaijua kama vile mtu anavyojua habari iliyotokea mbali.

"Kwa hiyo unadaiwa jibu," akasema, safari hii kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika.

"Sidaiwi kitu."

"Mama, weye ndiyo umenifundisha. Lazima ujibu."

"Kunywa soda yako."

Nyumba tuliyofikia ilikuwa kilimani, chini yake pwani. Mchanga mweupe, maji ya kijani halafu ya buluu, kila kitu kama picha ya kalenda. Watalii wamelala wanajigeuza kama chapati. Miye nilikaa kwenye kiti, baibui langu na kanga mabegani, nikatazama. Nilingoja nihisi kitu. Nilikuwa natazama kama unavyotazama televisheni zilizopangwa kwenye dirisha la duka, zinaonyesha tu, na weye unangoja basi lako.

"Pazuri?" binti yangu akaniuliza.

"Pazuri."

"Sema basi kama mtu aliyefurahi."

"Pazuri sana," nikasema. Akaenda kuogelea.

Siku ya tatu tulikwenda matembezi na dereva mmoja, sisi na Wazungu wanne. Alitupeleka kwenye maporomoko ya maji, tukapiga picha. Alitupeleka kwenye shamba, akachuma tunda la njano, akalipasua, ndani kuna kokwa iliyovaa wavu mwekundu. Akatuuliza, nani anajua hii ni nini? Mzungu mmoja akasema pichi. Mwengine akasema kakao. Binti yangu akanitazama. Kungumanga, na ule wekundu ni basbasi, bibi yangu alikuwa akiupanga kwenye ungo juani. Nilijua hata harufu kabla hajalipasua. Lakini sikuona sababu ya kusema.

Akatupandisha ngomeni, juu ya bandari. Mji wote unauona, mapaa mekundu na meli. Pale, akasema, na wao waliwahi kuwa na mapinduzi yao, na wenyewe kwa wenyewe wakaja kuuana. Watu walisimamishwa kwenye ukuta huu wakapigwa risasi, na miili yao haijulikani ilipo mpaka leo. Alisema kwa sauti ile ile aliyotuonyeshea vyoo. Wazungu wakapiga picha ukuta. Miye nilishika ule ukuta. Ulikuwa na joto la jua, basi.

Jioni mama mwenye nyumba akatupikia. Mwanamke wa umri wangu, mnene, ana kicheko. Chakula chao kikubwa pale ni shelisheli. Analikata vipande vikubwa, anapanga kwenye sufuria na majani kama ya magimbi na samaki wa chumvi, anatia bizari, anamwagia tui, halafu hakorogi, anaacha mpaka tui likauke libaki mafuta. Wenzake hutia na nguruwe, lakini nilipomwambia akachukua sufuria mpya kabisa, akanionyesha na bei yake bado imebandikwa chini, ili nisitie shaka. Nazi aliikunia kwenye bati lenye matundu, amesimama. Nikamwambia kwetu tuna kibao cha mbuzi, unakikalia.

"Unakaa ukifanya kazi?" akasema. "Basi nyinyi ni matajiri."

Nilicheka. Ndiyo mara moja niliyocheka kule.

Tulipokaa kula nikamwuliza kuhusu ngome. Akachomoa mwiba kwenye samaki wake.

"Mtoto wa dada yangu alikuwa pale," akasema. "Alikuwa mwanafunzi. Na mmoja katika waliokuwa na bunduki siku ile anakaa hapa chini, karibu na kanisa. Ni mvuvi. Huyu samaki ni wa kwake."

Nikaacha kula.

"Unanunua kwake?"

"Nanunua. Anajua kutia chumvi."

"Umemsamehe?"

"Hajaniomba." Akanitilia kipande chengine cha shelisheli sahanini. "Akija kuniomba nitamwambia hapana. Lakini nitamwambia mlangoni, uso kwa uso, nisimwache anazunguka zunguka akifikiri pengine kesho. Kula, mpenzi, kikipoa hiki hakina maana."

Nikala. Kilikuwa kitamu, nasema haki ya Mungu, na kilikuwa kile kile cha mama yangu, chumvi yake na tui lake. Miiba ya samaki ilijaa mbele yangu. Sikuhisi kitu, lakini nilikula mpaka nikamaliza.

Siku ya kuondoka nilinunua kungumanga sokoni. Kwetu mtu akirudi safari anawapelekea zawadi wale waliompa radhi, hata kama ni kitu kidogo. Nilipofika Peckham nikazifunga kwenye vifuko, binti yangu ananisaidia.

"Kuna kifuko kimoja kimezidi," akasema.

"Hakijazidi."

Akanitazama, akakifunga.

Nilikwenda Thornton Heath Jumamosi mchana, kwa treni halafu basi. Wanakaa juu ya duka la ndizi na mihogo. Shoga yangu alipofungua mlango alishika mdomo. "Lo, shoga! Leo wapi jua limetokea?" Akanishika mkono akaniingiza, mkono wake una maji ya vyombo.

Mzee alikuwa kwenye kiti cha mikono, blanketi magotini. Amekwisha. Shingo imekuwa ya kuku. Nilimjua kwa vidole tu.

"Baba, amekuja yule mtoto wa jirani. Yule aliyekwenda safari."

"Umerudi salama?" akasema.

"Nimerudi salama." Nikamwekea kifuko juu ya meza. "Kungumanga. Za kule."

"Kulikuwaje?"

"Kuzuri. Wana shelisheli."

"Wanapikaje?"

"Kwa tui. Na samaki wa chumvi."

Akatikisa kichwa. "Ndivyo alivyokuwa akipika mama yako. Alikuwa akituletea bakuli, la kijani, lina ufa."

Lile bakuli nalikumbuka. Nilikuwa nalibeba miye. Shoga yangu alikuwa amekwenda jikoni kutia chai na nilisikia vikombe. Nikaona nikikaa zaidi tutaanza kuhadithiana mambo ya zamani kama watu waliosafiri pamoja.

"Mzee," nikasema, "siku ile simu nilikosea. Nilidhani naongea na binti yako. Ile radhi uliyonipa nimekuja kuirudisha. Miye sikukukosea."

"Radhi hairudishwi, mwanangu."

"Hii nimeirudisha."

Vidole vyake vilishika upindo wa blanketi, vikawa vinaupima kidogo kidogo, kutoka huku kwenda huku.

"Na miye?" akasema. "Nilikuuliza. Ukakata simu."

"Weye sijakusamehe. Na sitokusamehe. Nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu, usikae kusubiri nikupigie."

Alitazama dirishani, basi likapita, kioo kikatetemeka. Halafu akasema polepole, "Walikuwa watatu. Miye nilikuwa mmoja, na watoto ndani."

"Na baba alikuwa mmoja," nikasema. "Na watoto ndani."

Shoga yangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Sijui alisikia kuanzia wapi. Aliweka sinia chini, akanipa kikombe changu, akampa baba yake chake kwa kijiko. Kwetu chai ikishamiminwa huondoki ukaiacha. Nilikaa nikainywa yote, na ilikuwa ya moto. Kisha nikaaga. Alinisindikiza mpaka chini kwenye duka la ndizi. Alinikumbatia, nami nikamkumbatia, na hatukusema neno juu ya yale.

Nilidhani nikishasema nitaona wepesi. Binti yangu aliniuliza hivyo hivyo, umejisikiaje? Nikamwambia treni ilichelewa.

Mzee alikufa kabla ya Ramadhani. Nilikwenda matangani kwa ajili ya binti yake, na nilikwenda mapema, maana watu walikuwa wengi na kazi nyingi. Tulikaa wanawake kwenye zulia, mabusati hayakutosha, tunachambua mchele wa pilau. Mmoja, mtu mzima, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Jamani, mzee wetu ameshatangulia. Tumsamehe, naye atusamehe."

"Tumemsamehe," wakasema wote pamoja. Wengine hawakuinua hata macho, mdomo ulikuwa umeshika njia.

Binti yake alinitazama kutoka upande wa pili wa zulia. Nilikuwa na jiwe dogo kwenye ncha ya kidole.

"Mchele huu mmeununua wapi?" nikamwuliza. "Una mawe."

"Pale chini," akasema.

Akanisogezea sinia yake, nikaanza na hiyo.