Kuvu Kwenye Kunde

Mimi si mwepesi wa kuamini. Mwenye duka akinichekea sana, naitazama mizani. Kwa hiyo muuza pembejeo aliponikabidhi kipakiti cha unga wa kijivu na kuniambia ni kuvu ya kusaidia mizizi, nilimtazama kama mtu anayeniuzia viroboto.

Kuvu tunayoijua huku Machakos ni ile ya mahindi yaliyofungiwa ghalani kabla hayajakauka. Sumu yake ina hata jina, sumukuvu. Baba mkwe wangu aliuawa na mahindi ya namna hiyo, mwaka wa njaa, kabla sijaolewa katika boma lile.

Lakini kunde zangu nyuma ya nyumba zilikuwa zikidumaa msimu baada ya msimu. Vidukari havikuwa shida tena. Dawa za dukani nilikuwa nimeziacha, nikawa navinyunyizia maji ya sabuni na majani ya muarubaini yaliyopondwa, navyo vikakoma. Shida ilikuwa chini. Muuzaji alinieleza kwamba kuvu ile hujishikiza kwenye mizizi na kutandaza nyuzi nyembamba, zikafika kwenye unyevu ambao mzizi peke yake haufiki. Nilinunua shingo upande.

Mama mkwe, ambaye jiko lake linatazamana na langu, alinikuta nikiutia ule unga kwenye mashimo ya mbegu.

“Hiyo ni dawa gani?”

“Si dawa, mwaitu,” nilimwambia, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba. “Ni kuvu.”

Ningesema ni dawa, yangeisha pale pale. Kwetu hata majivu ni dawa. Yeye alisimama akiushika ukingo wa leso yake.

“Kuvu? Na tutakula?”

“Hatuli kuvu. Ni ya mizizi.”

“Na mizizi inapelekanga wapi?”

Swali hilo lilinikera, nikaendelea kufukia mbegu. Kunde zilipoota zikanawiri, majani mapana ya kutamanisha, alikuja hadi mlangoni kwangu akasema, “Watoto wasiguze hiyo mboga kwanza. Nitakuambia.” Chakula cha jikoni kwangu akaacha kula. Nilikubali ili tusigombane, lakini nilikuwa nimefura. Utaniambia wewe kama nani?

Kisha nikaanza kuona majani yanapungua. Hakuwa mbuzi, maana mbuzi hachumi jani moja moja akaacha kikonyo. Nilimshuku mara moja. Nilimwona akilini akiwaonyesha akina mama wa kanisa: tazameni mboga anayotaka kulisha wajukuu wangu. Nilimsalimia asubuhi kwa mdomo tu. Akienda msalani, macho yangu yanamfuata. Akirudi, nayaangalia mashina.

Mchana mmoja nilimwona akitoka shambani, leso yake imetuna kiunoni. Nilimfuata hadi jikoni kwake na kuingia bila hodi, maneno yangu nimeyapanga.

Alikuwa peke yake kwenye kigoda, sufuria ya kunde mapajani, anakula. Zile za leso alikuwa ameziweka chini, bado hazijachambuliwa. Hapakuwa na ugali. Ni majani tu.

“Mwaitu, si ulisema hizi ni sumu?”

“Sikusema ni sumu. Nilisema sijui.” Alimeza. “Sasa nikose kujua, halafu watoto wakule?”

Niliona haya, na zaidi ya haya nilishikwa na hofu, nikataka kumpokonya ile sufuria. Aliisogeza upande wa pili.

“Yale mahindi ni mimi nilipika,” alisema. “Niliosha, nikaanika, nikaona yamekuwa sawa. Mzee nikampakulia kwanza, mwanaume ndiye hupakuliwa kwanza. Mimi nikakula makombo. Ndiyo maana niko.”

Alichota tena, akatafuna polepole.

“Nimekula hizi wiki yote. Kesho nikiamka, pikia watoto.”