Pua ya Upande Mmoja

Kwa miaka kumi na tisa, chumba cha kumbukumbu cha zahanati kilikuwa himaya ya karani mmoja waliyempachika jina Kamusi. Kila ugonjwa una namba yake ya kuingizwa kwenye rekodi, naye alizijua zote kwa kichwa. Kisha akaajiriwa wifi yake, mke wa mdogo wake, na kufumba na kufumbua watu wakawa wanaipita meza ya Kamusi kumfuata "yule dada mpya, anauliza vizuri."

Wivu ukamkaba Kamusi. Wifi akicheka, anajichekesha; akinyamaza, anaringa.

Asubuhi moja wifi alipotoka, Kamusi akapekua mafaili ya mezani pa wifi akitafuta kosa. Akakuta faili la mtoto wa kike wa miaka minne, na karatasi imebanwa juu: "Daktari, mara tatu umeandika pua imeziba, upande wa kulia. Sababu hukuandika. Sisi tumeweka namba ya mafua. Mbona upande mmoja tu? Naomba umtazame tena."

Namba zote tatu zilikuwa kwa mwandiko wa Kamusi. Neno mafua daktari hakuliandika popote. Mkono wa Kamusi tu ulikuwa umezoea namba hiyo.

Akaibandua ile karatasi, akaifungia kwenye droo.

Siku ya tatu mama wa mtoto akasimama dirishani. Mtoto alikuwa anahema kwa mdomo.

"Dada, dawa imekwisha, na sasa pua inanuka."

Kamusi akainuka. Akafungua droo, akaipeleka mwenyewe karatasi kwa daktari, mama na mtoto wakimfuata. Daktari akamulika tochi puani mwa mtoto, akachomoa kipande cha sponji ya godoro kilichooza.

"Kamusi, wewe ni moto! Nani mwingine angeliona hili?"

Kamusi akaionja ile sifa. Ilikuwa tamu.

"Ni wifi," akasema hatimaye. "Aliandika juzi. Mimi niliificha."

Wifi aliposikia, akavuta kiti. "Haya wifi, tusahihishe rekodi. Nisomee, niandike."

Kamusi akasoma namba: ya pua kuziba, mara tatu, badala ya mafua, na ya leo, kitu kigeni puani. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, akakosa hata moja. Wifi huyu, mtoto wa watu, hata kununa hajui! Na kwa hilo nalo akamwonea wivu.