Nova Iliyopunguzwa Uzito

Verlin Stroud alikuwa mchomeleaji katika kiwanda cha matrela mjini Muncie, Indiana, na gari lake lilikuwa moja tu: Nova ya mwaka sitini na sita, aliyopewa na baba mkwe wake, mzee Orval, siku alipomwoa Jolene. Gari hilohilo lilimpeleka kazini, likambeba mkewe kwenda dukani, na Jumamosi za kiangazi likashindana robo maili kwenye uwanja wa mbio nje ya mji.

Injini yenye nguvu aliipata kwenye lori lililogongwa, katika yadi ya magari mabovu. Kabureta aliachiwa na jirani aliyekuwa anahama. Hapo mfuko ukagoma. Lakini kila maskini wa mbio anajua: ukishindwa kuongeza nguvu, punguza uzito. Verlin akang'oa siti ya nyuma. Akatoa tairi la spea na jeki. Mwisho akaifungua hita, akaitupa kwenye rafu ya gereji.

"Na baridi ikija?" Jolene akamuuliza.

"Nitairudisha kabla theluji haijaanguka."

"Verlin, nakujua wewe."

"Nimesema, mke wangu. Oktoba haipiti."

Oktoba ikapita. Nova ilikuwa imewaacha nyuma watu wenye magari ya bei mbaya, na sifa zilimlevya. Kurudisha hita ilikuwa kazi ya siku moja tu, lakini kila Jumapili aliisukumia Jumapili ijayo.

Januari, Verlin akaenda kazini kwa gari la rafiki yake, ili Jolene ampeleke baba yake kliniki. Mzee alikuwa na kisukari, na kwa daktari hakukubali kwenda bila viatu vyake vya kanisani. Walipokuwa wanarudi, katikati ya mashamba ya mahindi, gurudumu likaingia kwenye shimo lililofunikwa na theluji. Tairi likapasuka. Jolene akafungua buti, akakuta patupu.

Wakakaa ndani ya gari lisilo na joto, pumzi zao zikigandia vioo. Jolene akavua koti lake, akaifunga miguu ya baba yake. Mkulima mmoja aliwakuta alipopita na trekta. Kufikia hapo mzee alikuwa hasikii tena vidole vya miguu kwa baridi, na hospitali ikamkata viwili.

Verlin aliingia wodini kofia mkononi, hajui aanzie wapi.

"Usinitazame kama maiti, mkwe," mzee Orval akasema. "Na mimi nimepunguza uzito kidogo, basi."

Akacheka mwenyewe. Jolene aligeukia dirishani.

Jioni ile Verlin alifunga hita kwa mikono iliyokufa ganzi, akarudisha siti, spea na jeki. Alingoja mkewe amfokee. Jolene alimwekea chakula, akaenda kulala.

Kiangazi kilipofika, mzee ndiye aliyeshikilia waende uwanjani. Verlin akashindwa na kijana ambaye mwaka uliopita Nova ilimwacha mbali nyuma.

"Vipi, bro?" kijana akapiga kelele. "Leo umekuja na kabati la mama yako?"

Verlin akaegesha gari. Kwenye uzio alimsikia mtu akimuuliza mzee kwa nini anachechemea.

"Ukaidi wangu," mzee akasema. "Nani anavaa viatu vya kanisani kwenye theluji?"

Maneno hayo yalimchoma Verlin kuliko tusi. Walipokuwa njiani kurudi akashindwa kuvumilia.

"Baba, kwa nini huwaambii ukweli?"

"Ili iweje? Vidole vitaota?"

"Hapana, lakini..."

"Basi endesha, mwanangu."

Jolene, siti ya nyuma, alitazama mashamba yakipita. Habari ile hakuwahi kuitaja tangu Januari, na Verlin angetoa chochote amtukane mara moja tu, yaishe. Nyumbani kwa mzee, Verlin alishuka, akamfungulia mlango, akamshika kiwiko hadi barazani, ingawa mzee alimwambia mara mbili amwachie.